Jaa la Hata Kwangu

1

Asubuhi ile nilikuwa nimeshawafunga watu midomo kabla chai yangu haijapoa, na sikumwonea mtu haya. Ndiyo kazi yangu. Mtu anauliza jamvini afanyeje, mihogo yake ya ndani imeota ukungu. Mwingine anavaa utepe wake kichwani, anafikiri muda wa kupiga chafya, kisha anajibu kwamba ajaribu maji ya moto. Mihogo haikandwi kama mzazi. Mizani inausoma utepe, inakuta kichwa cha huyo bwana hakikupata hata uvuguvugu, inalitupa jibu lake jaani na kuniletea jina. Hapo ndipo ninapoingia mimi, Havijawa binti Mkomwa, msimamizi wa Jamvi la Vigaeni, barza yetu ya maswali inayoonekana kwenye kuta za nyumba zote. Naweza kumwonya mtu, au naweza kumfunga mdomo, asijibu wala asiulize kitu mpaka adhabu yake iishe. Mimi huwa sionyi.

Nyuma ya mgongo wananiita Bi. Mkasi. Mbele yangu hawathubutu, na hilo halininyimi usingizi.

Wapo wanaosema Mizani ni ukatili. Hao hawakuzika. Zamani Jamvi letu lilikuwa limefurika majibu ya mashine, marefu, yenye adabu, yamenyooka kabisa, na hakuna binadamu hata mmoja aliyekuwa ameyafikiria. Jibu moja la namna hiyo liliwaambia watu wa Mtaa wa Pili watie chokaa kwenye mapipa yao ya mwani. Walitia. Sisi wa Vigaeni tunaishi ndani ya nyumba zilizozibwa kwa sababu ya vumbi la nje, na pumzi yetu yote inatoka kwenye hayo mapipa: mwani unakula tunachotoa puani na kuturudishia hewa safi. Mwani ulikufa, na Mtaa wa Pili ukafa nao. Mhandisi Lungwa alimzika mkewe mtaa ule, na arobaini ya marehemu haikupita akaja na utepe wake na Mizani yake. Kuanzia siku ile jibu lisilomtoa mtu jasho la kichwa halionekani jamvini. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Sasa katika uvivu wote wa majibu, kuna mmoja unaonipandisha mori kuliko mingine, nao ni "hata kwangu". Mtu anauliza jambo lake kwa kirefu, anataka msaada, halafu wanamwagika watu chini yake: hata kwangu, hata mimi, pole shoga, hata kwangu. Kwako nini? Umeulizwa? Kama una dawa toa dawa, kama huna kaa kimya, kimya hakina kodi. Nilikuwa nikiwafagia hao bila hata kusoma.

Jana yake alikuwa ameuliza wifi yangu. Tunu, mke wa kaka yangu Semboja, mtoto wa kwanza huyo, na Semboja mwenyewe yuko kwenye zamu ya kuzibua vumbi, mbali. Nitasema wazi kwamba mimi na Tunu hatupatani. Tangu ajifungue hakuniruhusu kumshika yule mtoto. Nilikwenda na uji wa pilipili manga, akaupokea mlangoni na kuufunga mlango. Nilibaki pale nje na mfuniko wa bakuli mkononi kama mwombaji, na sijasahau. Lakini swali lake nililiheshimu, kwa sababu lilihitaji moyo. Aliandika kwamba pipa lake lina harufu ya mayai viza, ana mtoto mchanga ambaye hajatoka arobaini, afanye nini.

Kama hujakaa Vigaeni huwezi kujua uzito wa kuandika hivyo. Nyumba yetu ikinuka, mwenye kunuka ni mwanamke. Atasemwa hasugui, atasemwa ni mchafu, wataulizana alilelewa na nani. Mtu atakuonyesha jipu lake kabla hajakubali kwamba pipa lake linanuka.

Mwalimu Mgonja alimjibu. Huyu ndiye bingwa wa Jamvi, akivaa utepe Mizani inaguna. Alimweleza kuhusu utando unaoshika kwenye kuta za pipa, jinsi unavyooza, jinsi ya kuusugua kwa majivu ya pumba na kubadilisha kitambaa cha kichujio, na kwa nini majivu na si sabuni. Lilikuwa jibu zuri, nililisoma lote. Chini yake wakamwagika wale wa hata kwangu, Mizani ikawatupa jaani mmoja mmoja. Na asubuhi hii Tunu akaandika kwamba harufu imeisha, ahsante sana Mwalimu. Swali likafungwa kwa alama ya kijani.

Mimi nikavuta majina ya wavivu wa jana nianze kuwafunga. Nilikuwa nimeshafunga zaidi ya nusu nilipofika kwa mmoja aliyekuwa ameongeza mkia. Aliandika hivi: "Hata kwangu, ila mimi sikusugua kitu, harufu iliisha yenyewe. Kimebaki kichwa tu kuuma."

Kidole changu kilikuwa kinashuka. Nikakizuia.

Kabla ya kukalia kiti hiki nilikuwa mwosha mapipa, mimi na wanawake wenzangu, tunaingia ndani ya pipa tupu na brashi. Msimamizi wetu alikuwa na onyo moja, alilirudia mpaka tukamchoka: harufu ikiwepo, fanya kazi, ikiisha ghafla, kimbia. Mwani unapooza kwa wingi unatoa hewa mbaya, na hiyo hewa ikizidi inaua kwanza pua. Unadhani kumekuwa kusafi. Harufu haijaisha, pua ndiyo iliyoisha, na baada ya pua kinafuata kichwa, kisha usingizi.

Nikarudi mwanzo wa majina, safari hii nikisoma. Wa kwanza Safu ya Nne, safu ya nyumba anakokaa Tunu. Wa pili Safu ya Nne. Nikawapanga kwenye ramani ya mji, wakajipanga wenyewe mlango kwa mlango, kutoka linapoingia bomba la chumvi linalolisha mapipa ya safu ile mpaka nyumba ya mwisho. Mwani ulikuwa umeozea ndani ya bomba, si kwenye pipa la mtu. Majivu ya Mwalimu Mgonja yasingefanya lolote. Na katika watu wote wale hakuna aliyekuwa ameuliza swali lake mwenyewe. Walikuwa wanamsubiri mwenzao mmoja abebe aibu, nao wajibanze nyuma yake kwa maneno mawili.

Ndiyo maana ya hata kwangu. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka na miaka ninawafunga midomo, na sikuwahi kujiuliza kwa nini watu wazima wenye akili zao hawachoki kuandika upuuzi uleule. Nilikasirika, nikawakasirikia wao zaidi. Wangeuliza tu, wangekufa?

2

Nilivaa utepe wangu nikaandika chini ya swali la Tunu: "Tokeni nje."

Mizani ikalitupa jaani.

Sikuamini. Nikaandika tena, Safu ya Nne tokeni nje sasa hivi, bomba limeoza. Likatupwa. Nikalirefusha, nikaweka mwani, nikaweka pua, nikaweka ile hewa na jina lake la kitaalamu, nikatia na kumbukumbu za kuosha mapipa. Likatupwa na lenyewe, na mimi mwenyewe nikaletewa jina langu kwenye orodha ya wavivu, niamue kama nijionye au nijifunge. Mizani haipimi urefu wa jibu. Inapima kichwa kilihangaika kiasi gani, na changu hakikuwa kinahangaika. Kilikuwa kinajua. Ukimwona nyoka miguuni kwa mtu hutafakari, unasema nyoka.

Nikavua utepe, nikaenda kwa miguu.

Njia za Vigaeni zimeezekwa vigae vya kioo, na hewa ya njiani inatoka kwenye mapipa makubwa ya mji yenye bomba lake lingine. Kwa hiyo njiani kulikuwa salama kabisa. Mtu alihitaji kuvuka kizingiti tu. Nilifika kwa Tunu ninatweta, nikapiga hodi. Milango yetu inafunguliwa kwa ndani na mwenye nyumba peke yake, na ina kidirisha cha kioo. Akaja kidirishani. Macho yake yalikuwa mazito, mekundu pembeni, nywele hazijachanwa. Mtoto alikuwa kifuani mwake, amefungwa kwa khanga, simwoni uso.

Nilimwambia atoke. Nilimweleza habari ya bomba, ya pua, ya kichwa kuuma. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama hayo nimeyaandika jamvini. Nikamwambia nimeandika.

"Yana uzani gani?" akauliza.

Nikasema yametupwa jaani. Akatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyekushika.

"Wifi, wewe ndiye uliyetufundisha. Jibu lisilo na uzani halisikilizwi. Mwalimu Mgonja amenijibu, nimesugua pipa mpaka kucha zimeng'oka, na harufu imeisha. Sasa unataka nimtoe mtoto nje hajafika arobaini, macho ya watu yote yamwangukie, kwa neno lako wewe? Hata mtoto mwenyewe ametengemaa. Tangu jana halii, ametulia tuli. Mtoto mzuri."

Nilipiga ule mlango kwa viganja viwili. Nilimwambia mtoto wa umri ule asiyelia si mtoto mzuri, ni mtoto anayekwenda. Akavuta pazia la kidirisha, nikabaki ninaangalia maua ya pazia.

Nikahamia nyumba ya pili. Yule mama nilikuwa nimemfunga mdomo asubuhi ileile, aliandika hata kwangu kwa mkono wake. Nikamwambia pipa lako linanuka, toka. Akaniuliza kwa sauti ya taratibu ni nani aliyeniambia nyumba yake inanuka. Nikamwambia umeandika mwenyewe. Akasema hajaandika kitu, na kama kuna mtu amemwandikia amtaje. Nyumba ya tatu vivyo hivyo, mume ndiye aliyekuja kidirishani, akasema mkewe ni msafi, watu wote wanamjua, na kama nina ugomvi na wifi yangu nisiwachanganye majirani. Ya nne hawakuitika kabisa. Nilisikia mtu anakohoa ndani na kunyamaza haraka ili nisijue yupo.

Sijui kama umewahi kumchukia mtu unayetaka kumwokoa. Mimi niliwachukia safu nzima. Ningeweza kuivunja ile milango kwa meno, ningeivunja, halafu ningewachapa mmoja baada ya mwingine.

3

Mhandisi Lungwa alinipokea ofisini kwake kwa adabu yake ileile, akanipa kiti, akaniuliza kama nimekula. Ni mtu asiyepandisha sauti. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Akavuta ramani, akaangalia jinsi majina yalivyojipanga, na nikaona amenielewa. Huyo si mjinga. Akasema atatuma mafundi wa bomba, lakini wote wako kwenye zamu pamoja na kina Semboja, watafika kesho asubuhi.

"Kesho watamkuta nani?" nikamwuliza.

Nikamwambia kuna njia moja. Afungue jaa. Yale majibu yote ya jana yarudi jamvini, kila ukuta wa kila nyumba uyaonyeshe, watu wa Safu ya Nne waone kwamba si nyumba moja, ni zote.

Lungwa akatikisa kichwa kabla sijamaliza. Akanieleza jambo nililolijua ila sikutaka kulisikia. Jaa halichambuliwi. Mizani ilipojengwa iliambiwa isimwamini mtu anayekuja kuchagua, kwa sababu atakayechagua leo jibu la kweli kesho atachagua la kumfaa. Ukifungua jaa unafungua lote, la safu zote, tangu siku ya kwanza ya Jamvi, hata majibu ya kabla ya utepe ambayo Mizani iliyafagia ilipoanza, na kila jibu na jina la mwenyewe kwa sababu majina ndiyo tunayohesabia makosa. Na watu hawakutupa mle habari za mapipa peke yake.

Akageuza kioo cha meza upande wangu, akanionyesha. Usiku na mchana, miaka yote hiyo, watu walikuwa wanakuja chini ya maswali ambayo wao wasingethubutu kuyauliza na kuacha maneno yao mawili. Nani ana mume asiyemgusa? Hata mimi, hata mimi, hata mimi. Nani anaiba maji ya jirani? Hata mimi. Nani hampendi mtoto wake mmoja? Hata mimi. Niliyaona majina ya watu ninaosalimiana nao. Walijua Mizani itayatupa. Walikuwa wanayaandika ili yatupwe. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mimi nilikuwa nimekalia kiti cha mwosha muda wote huo bila kumtazama maiti.

"Tuliwaahidi," Lungwa akasema. "Kinachotupwa jaani hakina mwenyewe. Kwa ahadi hiyo watu wanapumua mji huu, Bi. Havijawa, si kwa mwani peke yake. Ukiwavua nguo watu wote hawa, ndoa ngapi zitalala zima leo? Nani atamtazama mzazi wake usoni?"

Nikamwambia mwenye kuvuliwa nguo anaweza kuvaa tena.

Hapo akatafuta jina kwenye kioo, akakisukuma karibu zaidi na mimi. Alisema hapendi kunionyesha, lakini ni haki yangu kujua watu watakavyolisema jambo hili. Swali lilikuwa la mwanamke wa Safu ya Saba, linauliza nani anamwogopea mwanawe kijicho cha wifi. Chini yake kulikuwa na jina la Tunu. Hata mimi.

Mimi sina mtoto. Niliolewa, nikaachwa kwa hilo, mji mzima unajua. Nilimshonea yule mtoto kofia kabla hajazaliwa, na bado iko kwangu. Nililia pale mbele ya Lungwa, na sitaki mtu adhani kwamba ninasema hivyo kwa kujivunia au kwa kujionea huruma. Iliniuma tu. Nikaelewa bakuli la uji, nikaelewa pazia. Nisingemtoa nje kwa maneno hata ningeongea mpaka magharibi. Kadiri nilivyomsihi amtoe mtoto, ndivyo alivyozidi kuamini ninamtaka mtoto.

Lungwa aliniacha nimalize, kisha akasema kwa upole kwamba nikifungua jaa leo watasema Bi. Mkasi alisoma alichoandikiwa na wifi yake akaamua kuumbua mji mzima kwa kisasi. Hakuna atakayekumbuka bomba. Akasema pia kwamba yeye mwenyewe ataniondoa kwenye kiti na kunifunga mdomo maisha, itambidi.

Niliifikiria hiyo. Sitadanganya kwamba sikuifikiria. Mtu aliyefungwa mdomo maisha hapa kwetu akiumwa hawezi kuuliza dawa, pipa lake likiharibika hawezi kuuliza fundi, anaishi kwa kubahatisha. Na wale watu, wale wengine wa safu nyingine zisizo na harufu yoyote, walikuwa na kosa gani? Yule mama wa mtoto asiyempenda, mtoto atasoma ukutani leo. Huyo sikuwa na haki naye hata chembe. Asinisamehe.

Lakini nilikuwa nimekwishakuona jambo ambalo Lungwa, pamoja na akili zake, hakuliona. Yeye alidhani ninataka watu wasome habari za bomba. Sikuwa na tumaini hilo tena. Nilikuwa nimetoka kwenye milango yao. Watu wetu ukiwaambia nyumba inaungua watakuuliza kwanza nani amekwambia. Hawatoki kwa sababu ya moto. Lakini mguse mtu mahali pa aibu yake, umtaje jina mbele ya wenzake, uone kama kuta zitamzuia.

Ufunguo wa jaa ni sauti ya msimamizi. Lungwa aliweka hivyo mwenyewe kwa sababu aliniamini. Alikuwa amenyoosha mkono kwenye kioo anifute usimamizi, nami nikasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chai: "Msimamizi anafungua jaa, lote."

Akaniangalia. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Akakaa chini taratibu, akaanza kulisoma jina la mkewe marehemu, ambaye na yeye, siku za kabla ya Mizani, alikuwa ameacha maneno mawili mahali fulani. Sikuangalia ni wapi.

4

Nilikimbia kurudi Safu ya Nne. Nilitaka wanikute palepale, nisiwape kazi ya kunitafuta.

Mwanzo kulikuwa kimya. Nikasimama katikati ya njia, mbele ya mlango wa Tunu, nikayasikia majina yanavyosomwa ndani ya nyumba, maana kuta zetu huwasomea wasiojua kusoma. Hata mimi, fulani. Hata mimi, fulani binti fulani. Kisha nikasikia kitu kimevunjika, na mlango wa kwanza ukafunguka.

Alikuwa yule mume aliyesema mkewe ni msafi. Alitoka kifua wazi, na mkewe nyuma yake anamvuta huku analia, na watoto nyuma ya mama yao. Ukafunguka wa pili. Yule mama mwenye sauti ya taratibu hakuwa nayo tena. Wakatoka wale waliokuwa wamejificha na kikohozi chao. Wakatoka wazee, wakatoka mabinti wamejifunika nyuso, kila mmoja akimtafuta mtu wa kumlaumu. Wapo walioshikana wao kwa wao, mtu na jirani yake, kwa sababu ya maji. Lakini wengi waliniona mimi, wakaja. Nilitukanwa matusi ambayo nilidhani yameshasahaulika. Mtu mmoja alinitemea mate. Nikamhesabia kwamba ana nguvu za kutema, basi kifua chake bado kizima.

Wengine walipofika nje walishika vichwa, wakayumba, wakakaa chini bila kujua kwa nini. Mwanamke mmoja alitapika pale pale njiani, kisha akaendelea kunitukana.

Mlango wa Tunu ulikuwa bado umefungwa. Nikawaza labda nimechelewa, labda amelala, labda nimeumbua mji mzima kwa ajili ya mlango ambao hautafunguka. Ukuta wake nilikuwa ninausikia, unasoma Safu ya Saba, unasoma kijicho cha wifi, ukamtaja. Ukaendelea na swali jingine, nani anajuta kuolewa. Ukamtaja tena. Mama mkwe wake, yaani mama yangu mzazi, anakaa Safu ya Tano, na yeye ana ukuta.

Pazia likasogea. Mlango ukafunguka.

Tunu alikuja moja kwa moja, hana viatu, hana mtandio, mtoto kwenye mbeleko kifuani anayumba naye. Alikuwa anapepesuka kama amelewa, ila hasira ilimfikisha. Alinipiga kofi nikaona nyota, akanipiga la pili. Watu wakampisha ili apate nafasi nzuri.

"Umeridhika?" akaniuliza. "Umefurahi sasa?"

Nilikuwa ninamtazama mtoto. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Kichwa kilikuwa kimelala upande, mdomo wazi, na sikuona khanga ikipanda wala kushuka. Nilitaka kunyoosha mkono, lakini nilijua nikinyoosha mkono atarudi ndani. Nikaiweka mikono yangu nyuma ya mgongo na kuishika.

Akanipiga la tatu, na kwa mtikisiko wa pigo lile mtoto akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu. Kikafuata kingine. Halafu akalia, kwanza kwa sauti ya kukwaruza isiyo na nguvu, kisha akavuta hewa na kulia kwa hasira, uso umekunjamana wote, umeanza kuwa mwekundu.

Tunu akaganda, mkono juu. Alimtazama mwanawe kama mtu anayesikia jina lake linaitwa kutoka mbali. Nadhani ndipo alipokumbuka kwamba tangu jana hajaisikia sauti ile. Nilimwona anahesabu moyoni, nikaona alipofika. Lakini aibu bado ilikuwa imemjaa, watu wote wanamtazama nywele wazi, na mtoto anataka kunyonya, akageuka kurudi ndani kwake.

Nilimtangulia. Nikakaa kwenye kizingiti chake, nikautia mguu mlangoni.

"Nipige unavyotaka," nikamwambia. "Hapa hupiti."

Alinipiga. Majirani wakamsaidia kwa maneno, wakanitaja mimi na tumbo langu tupu na mama aliyenizaa, wakasema kijicho sasa kimeonekana waziwazi, hata mlango anamzibia mwenzake. Tunu alipochoka mkono alikaa chini njiani akanipa mgongo, akamnyonyesha mtoto mbele ya mji mzima, na mtoto akanyonya kwa kelele. Walinitukana mpaka vigae vya juu vikaanza kupoteza mwanga, mpaka Lungwa mwenyewe akaja kwa miguu na spana begani kulifunga lile bomba, na kwa muda wote huo hakuna hata mmoja aliyekuwa ndani.